Maikrowevu Ikigoma, Usikimbilie Bisibisi

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Ukipita Mbalizi, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, utaona kwenye mabanda ya mafundi redio vitu ambavyo zamani havikuwapo. Zamani zilikuwa redio, pasi na majiko ya umeme. Siku hizi, katikati ya televisheni zilizofunguliwa migongo, imekaa maikrowevu mlango wazi, ikingoja zamu yake. Chombo kilichokuwa cha hoteli na nyumba za wakubwa kimeshuka hadi kwa mwalimu, muuguzi na mwenye duka. Na kwa baridi ya Juni na Julai katika nyanda zetu hizi, nani atamlaumu mtu anayetaka kiporo chake cha makande kipate moto kwa dakika 2 bila kuwasha mkaa?

Neno langu la leo linahusu siku chombo hicho kinapogoma. Nasema mapema kwamba maikrowevu si redio. Redio ikifunguliwa na mtoto wa darasa la sita, kwa kawaida hasara ni redio. Maikrowevu ikifunguliwa na asiyejua, hasara inaweza kuwa yeye mwenyewe.

Sababu ni hii. Ndani mna transfoma nzito inayopokea volti 230 za TANESCO na kuzipandisha kufikia kama 2,000. Kapasita na dayodi huzipandisha tena, kisha umeme huo huingia katika magnetroni, kifaa kinachotoa mawimbi ya kuchemsha chakula. Magnetroni za namna hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya rada za vita; ni mwaka 1945 ndipo Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon huko Marekani, alipoona kwamba zinaweza kupika. Sasa hiyo kapasita ina tabia ya kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Mtu anasema, "Nimeshachomoa, hakuna neno," anaingiza mkono, na hapo ndipo anapopigwa. Nyingi zina kizuizi kidogo ndani cha kumwaga umeme huo polepole, lakini kizuizi nacho hufa, na kikifa hakuna dalili inayoonekana kwa nje.

Je, basi mwenye nyumba akae tu? La hasha. Yapo mengi ya kufanya bila kugusa skurubu hata moja, na mara nyingi ugonjwa uko hukohuko nje.

Chombo kimezima kabisa? Chomeka pasi kwenye soketi ileile. Pasi isipopata moto, kosa ni la soketi. Ikipata moto, tazama plagi: hizi zetu za miguu mitatu bapa nyingi zina fyuzi ndani yake, na ya maikrowevu huwa ya ampea 13. Kama taa ya saa inawaka lakini vitufe havikubali, huenda watoto wamewasha kufuli ya vitufe. Kwenye vyombo vingi hutolewa kwa kubana kitufe kimoja sekunde kadhaa. Kagua mlango pia. Punje ya wali iliyokauka kwenye tundu la ndoano yatosha kuzuia mlango usifunge sawasawa, na mlango usipofunga, chombo hakiwaki.

Sahani haizunguki? Toa sahani, osha kiduara chenye magurudumu, kisha tazama kitovu cha plastiki kilicho katikati. Kikipasuka, hununuliwa kingine.

Cheche zinaruka ndani? Kwanza angalia kama hukuweka kikombe chenye ukingo wa dhahabu. Kama hukuweka, tazama ukutani, kwa kawaida upande wa kulia: kuna kipande kama karatasi ngumu ya rangi ya fedha. Hiyo ni ulanga, madini yaleyale yaliyochimbwa Uluguru enzi za ukoloni. Mafuta yakirukia hapo yanaungua, yanakuwa makaa, na makaa yanavuta cheche. Acha kuwasha. Chomoa plagi, futa. Pakiwa pametoboka, kata kipande kipya cha ulanga kwa kipimo cha kile cha zamani. Anayeendelea kupika huku cheche zinaruka anajitafutia magnetroni mpya.

Chombo kinanguruma, taa inawaka, sahani inazunguka, lakini chakula ni baridi? Weka maji robo lita katika glasi, washa kwa nguvu zote dakika 2. Yakitoka vuguvugu tu, rudia mchana wakati umeme una nguvu, maana jioni wengine tulio mwisho wa laini tunapata umeme uliochoka, na magnetroni haivumilii hilo. Yakibaki baridi hata mchana, ugonjwa uko kwenye sehemu ya umeme mkubwa. Hapo mwenye nyumba anaishia.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo la fyuzi ya ndani, maana ndipo wengine wanapofanya uhalifu bila kujua. Mlangoni kuna swichi, kwa kawaida tatu. Mbili hukata umeme mlango unapofunguliwa. Ya tatu ni mlinzi: zile zikishindwa kukata, yenyewe huunguza fyuzi makusudi ili mawimbi yasitoke. Kwa hiyo fyuzi inayokatika unapofungua mlango inasema swichi zimekufa. Fundi asiyejua anaweka waya wa shaba mahali pa fyuzi, au anaunga swichi dairekti, na mteja anafurahi kwamba kimewaka. Kimewaka, ndiyo, lakini sasa kinaweza kupika hata mlango ukiwa wazi, huku mama amesimama mbele yake. Jicho huumia upesi, kwa sababu mboni haina damu ya kuipoza.

Halafu mitumba. Chombo kutoka Marekani kimeandikwa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde; cha Japani volti 100. Ukikichomeka kwetu, kinakufa. Wengine hununua transfoma ndogo ya kushusha umeme, wakisahau kwamba chombo kinachopika kwa wati 800 hula wati 1,200 au zaidi. Na hata transfoma ikitosha, mizunguko haibadiliki: cha 60 kikitumia 50 yetu, transfoma yake ya ndani huchemka kupita kiasi. Vya Dubai na Afrika Kusini vinalingana na umeme wetu. Cha Afrika Kusini kinahitaji plagi tu. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kutoa fedha.

Ukimpelekea fundi, mwulize anamwagaje umeme wa kapasita kabla ya kugusa. Akicheka, beba chombo chako. Akikuonyesha namna, mwachie kazi, na siku ya kuchukua mwambie akupe fyuzi na swichi za zamani mkononi, kisha mpime maji robo lita palepale bandani kabla hujalipa.