Damu Haingoji Karatasi

Hotuba ya Ofisa Uhusiano wa Polisi kwa wananchi wa Malakia, Juba



Nazungumza nanyi juu ya majeruhi anayevuja damu, na juu ya jambo ambalo polisi na raia twaweza kulirekebisha pamoja: ucheleweshaji.

Mtu akikatwa panga, akipigwa risasi au akigongwa na gari, damu huganda ili kuziba jeraha. Lakini katika majeraha makubwa, mwili huo huo huweza kuyeyusha madonge hayo mapema mno, damu ikaendelea kutoka. Iko dawa izuiayo uyeyukaji huo, nayo ni asidi ya traneksamiki. Iligunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, waliotangaza kazi yao mwaka 1962. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya majeruhi.

Dawa hii ina muda wake. Majeruhi akidungwa mshipani katika saa ya kwanza, hatari ya kufa kwa kutokwa damu hupungua kwa takriban theluthi moja. Kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida hiyo kwa takriban asilimia 10. Muda wa saa 3 tangu kuumia ukishapita, dawa haisaidii tena, na yaweza kudhuru.

Sasa itazameni barabara ya Nimule, kilomita 192 kutoka Juba hadi mpakani. Mtu akiumia katikati ya njia, akangoja gari, akapitishwa kwanza kituo cha polisi, muda wake huishia njiani. Kwa hiyo apelekwe kituo cha afya kilicho karibu zaidi.

Ipo desturi ya kutafuta kwanza Fomu Namba 8, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huijua kwa jina la PF3 na wa Kenya P3. Fomu hiyo ni ushahidi, nasi twaihitaji mahakamani. Lakini yaweza kujazwa baada ya tiba. Mpelekeni majeruhi moja kwa moja kwa mganga, na mmoja wenu aje kwetu kutoa taarifa. Nasi askari tulio vizuizini tuna wajibu wetu: gari lenye majeruhi lipite, maswali yatafuata.

Mkiwa njiani, kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia. Damu ya mkono au mguu isipokoma, fungeni na kukaza juu ya jeraha, wala msifungue kabla ya kufika. Andikeni saa aliyoumia, mkamwambie mhudumu wa afya, kwa kuwa saa hiyo ndiyo itakayomwongoza kuhusu dawa. Uamuzi wa kuitumia ni wake. Msiinunue dukani na kujitibu.

Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Tumfikishe majeruhi kwenye tiba angali hai, naye atakuja mwenyewe kutueleza aliyemjeruhi.