Kijana Akichoka na Masomo

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mpanda)



Niliombwa niseme juu ya mafanikio. Naomba radhi, nitasema juu ya mwaka mmoja nilioshindwa kusoma. Kila tukikutana hapa tunawaeleza vijana habari za vyeti na vyeo. Kijana akifika chuoni akachoka, hudhani amechoka peke yake.

Mwaka 1998 nilikuwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, nasomea ualimu wa hisabati. Sikuwa nimefeli wala sikuwa nimelazwa. Hamu tu ilikwisha. Asubuhi nilisikia wenzangu wakienda darasani, nami nimelala natazama dari. Kitabu nilikifungua ukurasa uleule wiki nzima. Kilichoniumiza zaidi ni kujua kwamba nauli yangu na fedha ya matumizi vilitoka kwenye tumbaku ya Baba, kule Inyonga.

Tulikuwa wawili kutoka shule hii. Mwenzangu naye alichoka, na kwa akili alinishinda. Jioni moja alifunga sanduku lake akapanda treni, hakumwambia mtu. Nami nilikuwa tayari kumfuata. Nilipokwenda kurudisha vitabu vya maktaba, mwalimu wangu mmoja akanikuta njiani. Nikamwambia nimechoka, nakwenda nyumbani. Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu: "Utarudi lini?" Nikakosa jibu. Akanipeleka ofisini, nikaandika barua ya kuomba kuahirisha masomo. Nikajibiwa kwa barua yenye tarehe ya kurudi, Oktoba 1999.

Nilishuka treni hapa Mpanda, nikapanda lori kwenda Inyonga. Wakati ule tulikuwa bado Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulianzishwa 2012. Majirani walikwisha kusema nimefukuzwa. Baba naye akaniuliza, "Umefukuzwa?" Nikamwonyesha barua. Akaniambia nimsomee tarehe, akaiandika kwa mkaa kwenye mlango wa ghala. "Basi, mwanangu," akasema, "mpaka siku hiyo wewe ni mkulima."

Na nililima kweli. Nilimwagilia vitalu, nikapandikiza miche mvua zilipoanza, nikachuma majani, na usiku nikachochea moto wa bani. Aliyekausha tumbaku anaijua kazi hiyo. Moto ukizidi jani linaungua, ukipungua linaoza, na huwezi kulala. Nilikonda. Lakini zamu ya bani ilipokwisha nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata chuoni, na ile hofu ya asubuhi ikaondoka.

Sasa vijana, hapa ndipo nataka mnisikilize. Mwaka ule uliniondolea uchovu. Haukunirudishia hamu. Oktoba ilipofika bado sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu ya tarehe ile ya mkaa, maana nilipita mbele yake kila siku nikaona haya. Hamu yenyewe ilinikuta darasani miezi miwili baadaye, nikiwa nimekwisha kuanza kazi. Kama ningeisubiri nyumbani, labda ningekuwa naisubiri mpaka leo.

Mwenzangu aliisubiri. Alisema atarudi mwaka ujao. Mwaka ukaja, akasema ujao tena. Leo ni mkulima mzuri wa mahindi. Simdharau, nanyi msimdharau. Lakini mwaka jana aliniambia neno ambalo halijanitoka moyoni: "Mimi sikuamua kuacha chuo. Sikuamua lolote. Siku zilipita tu."

Wapo wanaosema kwamba kusimamisha masomo ni uvivu. Si kweli. Wazee waliomo humu wanakumbuka Azimio la Musoma la Novemba 1974. Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba mwanafunzi aliyemaliza Kidato cha Sita asiende moja kwa moja Chuo Kikuu. Kwanza aende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, ndipo aombe nafasi, akiwa na sifa njema kutoka kazini. Utaratibu huo uliondolewa baadaye, na ulikuwa na kasoro zake. Lakini hakuna aliyewaita kaka zetu wale wavivu. Walikuwa na kazi ya kufanya, na njia ya kurudi ilijulikana.

Kwa hiyo, kijana ukichoka, fanya mambo manne. Kwanza, sema. Mwone mshauri wa wanafunzi, na kama hulali au huli, mwone na daktari, kwa sababu uchovu mwingine ni ugonjwa. Pili, soma kanuni za chuo chako, uombe ruhusa kwa maandishi, na usiondoke kabla ya kupata jibu. Tatu, kama unasoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, waeleze mapema, kwani mkopo hudaiwa hata kwa mtu ambaye hakumaliza. Nne, ukifika nyumbani fanya kazi, na tarehe ya kurudi mpe mtu mwingine akutunzie. Ukiitunza peke yako utaisogeza.

Na sisi wazee tuna sehemu yetu. Kijana akionekana kijijini katikati ya mwaka wa masomo, tusikimbilie kumwuliza kama amefukuzwa. Tumpe jembe, tumwulize atarudi lini, na siku hiyo ikifika tumsindikize mpaka stesheni.