Maneno ya Katibu kwa Darasa la Kisomo: Habari za Mzee Maruge



Walimu wametuomba tuseme machache kabla ya madaftari kugawiwa. Tumechagua habari za mwanafunzi mmoja ambaye walimu wake walimwonea fahari, ingawa kifo kilimkuta bado yumo shule ya msingi.

Ni Mzee Kimani Maruge wa Kenya. Alipigana vita vya Mau Mau dhidi ya Waingereza, akazeeka bila kujua kusoma. Mwaka 2003 Kenya ilifuta ada za shule za msingi. Basi Januari 2004 mzee akaenda Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, akaomba darasa la kwanza. Umri wake miaka 84! Akavaa sare, kaptula na soksi ndefu, akakaa na watoto. Wajukuu zake wawili walikuwa shule hiyohiyo.

Mwalimu Mkuu, Jane Obinchu, alimpokea. Na hapa tumsifu mwalimu naye, maana kumrudisha mzee nyumbani kwa maneno matamu ni kazi rahisi sana.

Alitaka nini? Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, kwa sababu alishuku kuwa mhubiri haisomi sawasawa. Tena fidia ya vita ikija, ajue kuihesabu. Jamani, si ndiyo mambo yetu haya? Mtu analeta maharage kwenye mizani, anatajiwa kilo, anaweka dole gumba, anaondoka. Karani wetu ni mwaminifu, hatusemi vingine. Lakini maharage ni ya nani?

Mwaka 2005 mzee alikuwa kiranja mkuu, na Septemba akapanda ndege kwenda New York kuzungumza Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure. Hayo ni ya sifa. Sisi yaliyotugusa ni ya baadaye.

Uchaguzi wa Desemba 2007 ulileta ghasia, na Eldoret iliumia sana. Mali ya mzee ikaibwa, naye akaishi kambini. Watu wa Kibondo hatuhitaji kuelezwa kambi. Ndugu zetu Warundi tumewaona pale Nduta, tunajua hema likinyeshewa linakuwaje. Toka kambini hadi shuleni ni kilomita 4. Alifikiria kuacha. Hakuacha, alikwenda kila siku. Baadaye alipohamia Nairobi, kwenye nyumba ya wazee, akaandikishwa shule nyingine. Alifariki tarehe 14 Agosti 2009 kwa saratani ya tumbo.

Sasa turudi kwetu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazazi wetu wengi walijifunza kusaini huko. Sisi mvua za kupanda zilipoanza, benchi la nyuma likabaki tupu. Walioondoka ni wanaume. Akina mama wapo, wengine na watoto mgongoni. Tumeuliza sababu, tukaambiwa jembe. Lakini jioni jembe limelala. Wachache wamesema kweli: wanaona haya kukosea mbele ya wake zao.

Darasa ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, ghalani kwa ushirika. Taa ipo. Walioacha, madaftari yenu anayo mwalimu, na majina yenu hayajafutwa.

Katibu wa Tawi