Nani Atangulie Kumwona Daktari?

(Haya ni mazungumzo ya karani wa mapokezi wa zahanati moja ya Mbagala, Wilaya ya Temeke, Dar es Salaam. Alizungumza na wahitimu wa kisomo cha watu wazima. Tumeyaandika karibu sawa na alivyoyasema.)

  

Nimeombwa niwaeleze kazi yangu. Mimi si daktari wala si muuguzi. Sichomi sindano, sipimi damu. Mimi ni mtu wa mapokezi. Ukiingia katika zahanati yetu, mtu wa kwanza kumwona ni mimi. Nakuuliza jina, nakuandika, nakuonyesha pa kukaa. Zamu yako ikifika, nakuita.

Watu husema, "Aa, huyo kazi yake kuandika majina tu." Leo nataka muone kwamba pale mezani huamuliwa jambo kubwa, nalo ni hili: nani atangulie. Na katika jambo hilo ninyi wagonjwa, na ninyi mnaoleta wagonjwa, mnaweza kunisaidia sana.

ZAHANATI ZETU

Kwanza niwakumbushe kidogo. Mwaka 1977 sheria ilikataza watu binafsi kuendesha hospitali na zahanati kwa ajili ya faida. Mwaka 1991 sheria ikabadilishwa, na madaktari wakaruhusiwa tena kufungua zahanati zao. Ndiyo maana leo ukipita Mbagala, Tandika au Buza, na kule Kinondoni ukipita Tandale, Tegeta au Bunju, unaona vibao vya zahanati mtaa hadi mtaa.

Serikali nayo ina zahanati zake, vituo vya afya na hospitali. Mgonjwa akizidi uwezo wa zahanati, huandikiwa barua ya rufaa. Sisi wa Temeke tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Wenzetu wa Kinondoni wana ya Mwananyamala. Ugonjwa ukizidi hapo, mgonjwa hupelekwa Muhimbili.

Lakini popote utakapokwenda, pakubwa au padogo, utapita mapokezi.

FOLENI YA WAGONJWA SI FOLENI YA MAJI

Sote tunaijua foleni ya bombani. Aliyetangulia kuweka ndoo ndiye atakayetangulia kuchota. Hiyo ni haki, na ukiiruka utagombana na watu. Lakini mgonjwa si ndoo. Ndoo hata ikisubiri mpaka jioni, inabaki ndoo ile ile. Mgonjwa akisubiri, anaweza kuzidiwa pale pale kwenye benchi.

Hebu niwape mfano. Siku moja ya masika watu walijaa. Mama mmoja kijana aliingia na mtoto wake, akaandikisha, akaenda kukaa mwisho wa benchi. Alitulia kimya. Mtoto naye kimya, kafunikwa kanga. Wengine walikuwa wanalalamika kwa sauti: huyu jino, yule mgongo. Yule mama hakusema neno. Nikapita karibu yake, nikamwuliza:

"Mama, mtoto kalala?"

"Kalala, dada."

"Amenyonya saa ngapi?"

"Tangu alfajiri hajashika titi. Nikimpa, halitaki."

Nikafunua kanga. Nikamwita mtoto, nikamgusa unyayo. Hakustuka. Ndugu zangu, yule mtoto hakuwa amelala. Alikuwa amelegea. Nikamchukua mama mkono hadi chumba cha muuguzi.

Basi nyuma yangu kukawaka moto! Mzee mmoja akasema, "Sisi tumekuja tangu saa kumi na mbili asubuhi, huyu kaja sasa hivi!" Mwingine akasema, "Kajuana nao huyo." Nikarudi nikawaambia, "Wazee wangu, mnisamehe. Mtoto yule hali yake si nzuri. Angekuwa mjukuu wako, baba, ungependa nifanyeje?" Yule mzee akanyamaza. Kisha akasema, "Basi mwanangu, na atangulie."

Daktari alimpa mtoto huduma ya kwanza, akaandika rufaa kwenda Temeke siku ile ile. Mtoto alilazwa, akapona. Baadaye mama yake nilimwuliza kwa nini hakusema mapema. Akanijibu, "Niliona aibu kuwapita watu. Nikadhani ni utovu wa adabu."

Ndugu zangu, adabu ni njema. Lakini mbele ya mgonjwa mahututi, adabu ni kusema.

DALILI ZA KUSEMA MARA MOJA

Sasa shikeni kalamu. Mtoto mdogo akiwa na moja ya dalili hizi, usikae kwenye benchi. Njoo mezani useme:

1. Hawezi kunyonya wala kunywa.
2. Anatapika kila kitu anachopewa.
3. Amepata degedege.
4. Amelegea sana au amepoteza fahamu.

Na mtu mzima je? Sema mara moja ikiwa anapumua kwa shida, anatoka damu nyingi, kifua kinambana, amezimia, au ameumwa na nyoka. Mjamzito anayetoka damu, au anayeumwa kichwa sana na macho yanaona ukungu, naye asisubiri zamu.

Yuko na mgonjwa wa namna nyingine, yule aliyekohoa kwa wiki 2 au zaidi. Huyo naye aseme. Namkalisha penye hewa, mbali kidogo na watoto, na anapimwa kifua kikuu. Asidhani nimemtenga kwa kumchukia. Ugonjwa huo huenea kwa hewa, na dawa zake zipo, hutolewa bila malipo.

Hospitali kubwa hutumia rangi. Mwenye alama nyekundu huonwa papo hapo. Wa njano huonwa haraka. Wa kijani anaweza kusubiri. Wengi wenu mnakumbuka siku ya 29 Aprili 2009, mabomu yalipolipuka katika ghala la jeshi hapa Mbagala. Watu walikufa, na majeruhi walikuwa wengi sana kwa siku moja. Siku kama ile, ukisema aliyefika kwanza ndiye atibiwe kwanza, utamtibu aliyechubuka goti huku aliyeumia tumbo anakata roho.

Kwa hiyo ukiona mtu amekupita, usiwaze moja kwa moja kwamba ametoa chochote. Uliza. Mtu wa mapokezi ana wajibu wa kukujibu kwa kauli nzuri.

JINA LAKO NA FAILI LAKO

Jambo la pili ni majina. Mtaani kwetu akina Juma na akina Asha ni wengi. Nikiita "Juma!" wanasimama watatu. Nikimpa daktari faili la Juma mwingine, daktari atasoma habari za mtu mwingine. Pengine yule mwingine hadhuriki na dawa fulani, na wewe inakudhuru. Ndiyo maana nakuuliza majina matatu, umri, mtaa, na namba ya simu ya ndugu yako. Si umbeya. Na ukipewa kadi yenye namba, itunze kama unavyotunza pesa.

Zamani mgonjwa alikuja na daftari lake la shule, daktari akaandika humo. Wapo wanaofanya hivyo hata leo, na si vibaya. Siku hizi vituo vingi vina kompyuta. Lakini kompyuta nayo haijui ukweli usipoutaja. Mtu akitaja jina la ndugu yake ili atumie kadi ya bima ya ndugu huyo, anaharibu habari za ugonjwa za watu wawili. Na hilo ni kosa kwa sheria.

SIRI

Jambo la tatu ni siri. Mimi naishi mtaa ule ule ninaofanyia kazi. Wanaokuja kutibiwa ni majirani, mashoga, wakwe, watu tunaokutana nao sokoni Rangi Tatu. Basi kila siku nakutana na maswali. Jirani mmoja, mtu mzima namheshimu, alinisimamisha njiani:

"Mwanangu, yule binti wa nyumba ya pili nilimwona kwenu jana. Kafuata nini?"

"Shikamoo shangazi. Hilo kamwulize mwenyewe."

"Ah! Mimi nawe tunafichana?"

"Hatufichani, shangazi. Hata yako nimeyanyamazia."

Akacheka, mambo yakaisha. Lakini si kicheko tu. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inataka siri ya mtu aliyepimwa itunzwe. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na habari za ugonjwa wa mtu zimo ndani yake. Kwa hiyo mtu wa mapokezi akitoa siri yako, hakukukosea adabu tu. Amevunja sheria.

Na mimi nawaombeni, msije mezani mkapaza sauti kueleza ugonjwa wenu mbele ya benchi zima. Kama jambo ni la faragha, niambie, "Dada, nina neno." Nitakusogeza pembeni. Na mtu wa mapokezi akikuuliza kwa sauti, "Unaumwa nini wewe, ni ule ugonjwa?" una haki ya kumjibu, "Hilo nitamweleza daktari."

MIWANI NIMESAHAU NYUMBANI

Sasa nafika kwenu hasa, ninyi wahitimu. Kila wiki huja watu wazima wawili au watatu wakanipa karatasi, wakaniambia, "Nisomee mwanangu, miwani nimesahau nyumbani." Wengine wenu mnacheka, mnajua. Hawana miwani. Hawajui kusoma, na wanaona haya. Mimi sisemi kitu. Nasoma polepole, kwa sauti ndogo, ili asisikie mwingine.

Mzee mmoja alikuwa akija hivyo kwa muda mrefu. Mwaka uliopita alikuja na karatasi ya dawa, akaisoma mwenyewe: "2 x 3." Akaniuliza, "Hapa maana yake vidonge 2 mara 3 kwa siku, sivyo?" Nikamwambia ndivyo. Mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa 8. Kumbe ameingia kisomo! Zamani alikuwa anakisia, na mtu anayekisia dawa anaweza kumeza sita kwa mkupuo.

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Wazazi wetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyepesi, wakachimba vyoo. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kusoma kwao kuliingia nyumbani kwa namna hiyo. Basi na kwenu kuingie hivyo hivyo. Someni kibao cha bei. Someni saa za kliniki. Someni tarehe ya kurudi kwenye kadi ya mtoto.

UKIPATA KAULI MBAYA

Sitaki kuwatetea wenzangu kwa uongo. Wapo wa mapokezi wenye ulimi mkali. Wapo wanaosema "toa ya soda" ndipo upite. Kuna mahali nilimpeleka mama yangu mzazi, sitapataja. Tuliwekwa saa 4 nzima, na kila tukiuliza tuliambiwa, "Kaa chini, bibi." Hatukuambiwa sababu. Najua inavyouma.

Vile vile wengi hawazijui haki zao. Tangu mwaka 1993 serikali ilipoanza uchangiaji, wagonjwa hulipa sehemu ya gharama katika hospitali zake. Lakini sera imeweka makundi ya msamaha: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Ukiwa katika kundi hilo, nenda kituo cha serikali, uliza utaratibu na vitambulisho vinavyotakiwa. Kwetu sisi, zahanati ya mtu binafsi, msamaha huo haupo, na mimi husema hivyo mapema. Sitaki mtu atumie nauli yake na kupoteza asubuhi nzima, halafu aambiwe dirishani.

Basi ukipata kauli mbaya, usitukane. Kila kituo kina mganga mfawidhi, yaani mkuu wake. Vituo vingi vina sanduku la maoni. Chukua karatasi, andika tarehe, saa, na maneno uliyoambiwa. Malalamiko ya mdomo hupotea njiani. Yaliyoandikwa, mkubwa huyashika mkononi. Na kalamu hiyo mnayo.

Nimalizie kwa kuwaomba mambo matatu. Mkija, semeni dalili mapema. Tajeni majina yenu ya kweli. Na mkimwona mgonjwa mahututi amekaa kimya mwisho wa benchi, msimwachie mtu wa mapokezi peke yake. Mimi nina macho mawili, na benchi lina watu arobaini. Mwenye kumwona kwanza aje aniambie.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja dalili nne za mtoto ambaye hapaswi kusubiri zamu.
2. Kwa nini mtu wa mapokezi huuliza majina matatu?
3. Dawa ikiandikwa "1 x 2", utameza vidonge vingapi kwa siku?
4. Je, katika kituo chenu cha afya, malalamiko hupelekwa kwa nani? Mchagueni mmoja wenu aende akaulize, kisha aandike jibu.