Kumpima Rais Bush Tukiwa Njia Panda ya Kitai



Ndugu waamini, viongozi wa jumuiya na walei wote mliofika, tumeombwa tuzungumze juu ya urithi wa George W. Bush, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu Januari 2001 hadi Januari 2009. Huenda wengine wanajiuliza: Bush na Kitai, wapi na wapi? Jibu liko hapo nje. Barabara ya lami itokayo Peramiho hadi Mbinga ni moja ya kazi zilizogharimiwa na mkataba wa Changamoto za Milenia, ambao yeye na Rais Jakaya Kikwete waliutia sahihi Dar es Salaam tarehe 17 Februari 2008. Mkataba huo ulikuwa wa dola milioni 698, tena ruzuku, si mkopo.

Wazee wetu hawahitaji kuelezwa hali ilivyokuwa kabla ya hapo. Wakati wa kifuku lori la kahawa lilikwama matopeni, na mama aliyeshindwa kujifungua alipelekwa hospitali ya Peramiho huku waliomsindikiza wakisali gari lisizame. Tunaoikumbuka safari hiyo hatuwezi kuisema lami hii kwa dharau, hata kama leo malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka yanaipa taabu.

Yapo makubwa kuliko barabara. Mwaka 2003 Bush alianzisha mpango wa kupambana na UKIMWI, kwa ahadi ya dola bilioni 15 katika miaka 5, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizonufaika. Mwaka 2005 ukafuata mpango wa malaria, ambao nchi yetu ilikuwa mojawapo ya 3 za kwanza. Kabla ya dawa hizo tulizika vijana tuliokuwa tumewabatiza na kuwafungisha ndoa, na bibi wakabaki kulea wajukuu. Leo wapo wanakwaya wanaoimba kwa sababu dawa zilifika. Hili tunalisema wazi, wala hatulitolei shukrani nusu nusu.

Lakini mwaka huo huo wa 2003, mwezi Machi, Bush aliingiza majeshi yake Iraki. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alikuwa amemtuma Kardinali Pio Laghi kumsihi asifanye hivyo. Silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu hazikuonekana, na raia zaidi ya laki moja walipoteza maisha katika miaka ya vita na vurugu iliyofuata. Tumewasikia watu wakisema: mizani inalingana, kwa kuwa hapa aliokoa wengi. Hiyo ni hesabu ya dukani, ambamo deni la huku hufutwa kwa malipo ya kule. Mtoto wa Baghdad hakuwa na deni lolote ambalo chandarua cha mtoto wa Mbinga kingeweza kulilipa.

Jambo jingine linatugusa kwa karibu zaidi. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa. Dar es Salaam walikufa watu 11. Mtanzania kutoka Zanzibar, Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa Pakistan mwaka 2004 kwa tuhuma za kushiriki. Ndugu wa marehemu walistahili kuona kesi ikisikilizwa mapema na hadharani. Badala yake mtuhumiwa alifichwa katika magereza ya siri ya shirika la ujasusi la Marekani, na mwaka 2006 akapelekwa Guantanamo. Kesi ilisikilizwa New York mwaka 2010, Bush akiwa amekwisha kuondoka madarakani. Jaji alimkataa shahidi muhimu, kwa kuwa habari zake zilipatikana kwa kumshurutisha mtuhumiwa. Kati ya mashtaka zaidi ya 280, Ghailani alionekana na hatia katika shtaka moja tu, akafungwa maisha. Sisi majirani wa Gereza la Kitai twajua kwamba hata mfungwa ana jina lake daftarini, na nduguze huambiwa aliko. Mateso yale yalimdhulumu mtuhumiwa, yakawadhulumu pia waliofiwa, maana mengi waliyotaka kuyajua hayakuthibitishwa mahakamani.

Tena msaada ule haukuwa wa milele. Mwaka 2016 Marekani ilizuia mkataba wa pili, wa dola milioni 472, kwa sababu ya uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Mwaka 2025 serikali ya huko ikasimamisha misaada mingi ya nje, na shirika lake la USAID likafungwa. Dawa zilizotufikia kwa amri ya rais mmoja zikatikiswa kwa amri ya mwingine, na hakuna aliyetuuliza, mara ya kwanza wala ya pili.

Kwa hiyo tunaziomba jumuiya zote, kabla ya mkutano wetu ujao, zituletee taarifa kama wapo katika eneo lao waliokosa dawa au walioambiwa wanunue. Majina ya wagonjwa yasiandikwe. Idadi na jina la kituo vinatosha, nasi tutavipeleka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.