Kulitunza Bumba la Nyuki Lililotiwa Mzingani Karibuni



Katika sikukuu hii ya Jubilii mishumaa ya nta inawaka altareni, na ni wachache kwetu wanaokumbuka kwamba nta ile ni kazi ya mdudu. Hapa Kariakoo twamjua zaidi kwa hofu. Bumba likitua chini ya bati la duka au katika mwarobaini, mara huletwa mafuta ya taa na kiberiti. Huko ni kupoteza mali, tena ni hatari kubwa katikati ya vibanda. Nasi tuliuona moto ulivyolitenda soko kuu mwezi wa Julai 2021.

Nyuki aliye safarini hana masega wala watoto wa kulinda, kwa hiyo ukali wake ni mdogo. Amejaza tumboni asali ya njiani, nayo haimtoshi ila siku chache. Basi aitwe mrina mwenye vazi na moshi, alikung'ute bumba mzingani wakati wa jioni. Mkiwaona nyuki mlangoni, mikia juu, wakipepea mabawa, fahamuni kwamba yamkini malkia yu ndani, nao wawaita wenzao. Usiku uo huo mzinga upelekwe nje ya mji, tuseme upande wa Pugu au Kisarawe, maana penye umati na watoto wa shule si mahali pa kufugia nyuki wa kwetu. (Bwana Warwick Kerr aliwachukua malkia wa Afrika hata Brazili mwaka 1956, mwaka uliofuata mabumba yakatoroka, na watu wa Marekani ya Kusini wanawajua mpaka leo.)

Kumtia nyuki mzingani ni rahisi. Kazi ni kumfanya akae. Akiona njaa, au sisimizi, au jua kali, au mtu mwenye kufunua-funua, huhama. Mzinga utundikwe kivulini, waya zake zipakwe grisi, wala usifunguliwe juma zima.

Chakula chake ni sukari nyeupe kilo moja katika maji ya moto lita moja. Koroga hata iyeyuke, wala usiiache iungue. Ikipoa, itie katika chombo kipana chenye vijiti vya kukanyagia, wasije wakazama, ukiweke ndani ya mzinga jioni. Tone lisimwagike nje, na mlango ufanywe mdogo, kwa maana nyuki wa jirani ni wanyang'anyi.

Mtu atauliza, "Mbona tusiwape asali, na sokoni imejaa asali ya Tabora?" Hiyo tule sisi. Asali ya mzinga usioujua yaweza kuleta ugonjwa wa kuozesha majana. Sukari guru nayo huwaharisha.

Mwenye mzinga mwingine wenye afya atoe sega moja lenye majana, alitie humo; nyuki hawaachi watoto kwa wepesi.

Tena msiogope mkiona kundi lapungua. Tangu yai hata nyuki kamili ni karibu siku 20, na wakati huo wakubwa wanakufa bila kupata warithi. Wengi hukata tamaa hapo, wakaacha kulisha siku ile ile chakula kinapohitajiwa zaidi. Endeleeni mpaka masega yameshuka vizuri na nyuki warudi na chavua miguuni. Hapo chombo cha sukari kiondolewe, libaki beseni la maji lenye mawe, karibu na mzinga.