Bibi Indira Gandhi na Kura ya Mwaka 1977

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni neno moja: KURA.

Leo nitawasimulia habari za Bibi Indira Gandhi wa India. Baba yake, Jawaharlal Nehru, alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo. Jina la Gandhi alilipata kwa mumewe, Feroze. Hakuwa wa ukoo wa Mahatma Gandhi.

Bibi huyu alikuwa Waziri Mkuu mwaka 1966. Mwaka 1969 serikali yake ilitwaa benki kubwa 14. Mwaka 1971 aliahidi kuondoa umaskini, akashinda uchaguzi kwa kura nyingi. Mwaka huo huo jeshi la India liliisaidia Bangladesh kujitenga na Pakistan. Sifa zake zikaenea kote.

Lakini ngoma ivumayo haidumu. Tarehe 12 Juni, 1975, Mahakama Kuu ya Allahabad iliamua kwamba alivunja sheria katika uchaguzi wake wa 1971. Alikata rufani, wala hakujiuzulu. Tarehe 25 Juni ikatangazwa Hali ya Hatari. Wapinzani wakatiwa kizuizini bila kuhukumiwa. Magazeti yakakaguliwa kabla ya kuchapwa. Mwanawe Sanjay, ambaye hakuchaguliwa na mtu, akapata nguvu nyingi. Mjini Delhi maskini walibomolewa nyumba zao, na wanaume wengi nchini walilazimishwa kufungwa uzazi. Bibi Gandhi alisema anaiokoa nchi na fujo. Wapinzani walisema anaokoa kiti chake.

Mwezi wa Machi, 1977, ukafanywa uchaguzi. Wakati ule watu wengi wa India hawakujua kusoma. Kwa hiyo karatasi ya kura ilikuwa na picha. Chama cha Bibi Gandhi kilikuwa na ng'ombe na ndama wake. Wapinzani wake wakubwa walikuwa na mkulima mwenye plau ndani ya gurudumu. Watu walizitazama picha hizo, wakakumbuka yaliyowapata, wakapiga kura. Bibi Gandhi akashindwa, hata katika jimbo lake la Rae Bareli. Akatoka madarakani.

Mwaka 1980 wananchi walimrudisha. Mwezi wa Juni, 1984, alipeleka jeshi katika Hekalu la Dhahabu mjini Amritsar, mahali patakatifu pa Masingasinga, kuwatoa watu wenye silaha. Wengi walikufa. Tarehe 31 Oktoba walinzi wake wawili, Masingasinga, walimpiga risasi akafa. Kisha maelfu ya Masingasinga wasio na hatia wakauawa.

Ndugu zangu, msidhani kwamba kabla ya kuingia darasani hamkuwa na akili. Wale wa India walijua kupima mema na mabaya. Kusoma kunatuongezea jambo jingine: tunajua habari wenyewe, bila kungoja kusomewa.

Sasa zungumzeni:

1. Kwa nini serikali ilikagua magazeti?
2. Je, kiongozi aliyefanya mema asamehewe mabaya yake?
3. Kwa nini wananchi walimrudisha mwaka 1980?

Kwaherini.